Zuhura Iliyozaliwa Juzi: Kisa cha Immanuel Velikovsky

Januari 1950, kitabu Worlds in Collision cha Immanuel Velikovsky, kinachodai kwamba sayari ya Zuhura iliwahi kupita karibu na dunia na kuleta misiba, kikiwa bado hakijatoka kiwandani, Harlow Shapley, mkurugenzi wa kituo cha falaki cha Chuo Kikuu cha Harvard, aliiandikia kampuni ya Macmillan ya New York akishangaa kwamba wachapishaji wa heshima yao wamekubali kukitoa. Hakuwa amekisoma. Habari alizokuwa nazo zilikuwa za kusikia, na mwezi huohuo jarida la Harper's likachapisha muhtasari wa kitabu.

Kitabu kilitoka Aprili, kikapanda hadi kileleni mwa orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi Marekani. Bado, hata Juni haijapita, Macmillan walikuwa wamekikabidhi kwa washindani wao, Doubleday. Sababu ilikuwa ya kibiashara: Macmillan waliuza vitabu vya kiada vyuoni, na maprofesa walikuwa wameanza kutishia kuvisusa. Doubleday hawakuwa na soko hilo, kwa hiyo hawakuwa na cha kupoteza. James Putnam, mhariri aliyekisimamia kitabu, alifukuzwa kazi. Gordon Atwater wa jumba la nyota la Hayden, aliyekuwa ameandika kwamba hoja za kitabu zisikilizwe, naye akapoteza kazi.

Kwa zaidi ya miaka sabini kisa hiki kimesimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema Velikovsky alikuwa mbabaishaji aliyewapumbaza wasomaji. Wapo wanaosema alikuwa Galileo wa karne ya ishirini, aliyekandamizwa na wakubwa wa sayansi kwa sababu aligusa ukweli. Pande zote mbili zinagombania nani alimtendea nani nini. Ugomvi huo una utamu wake, lakini hautupeleki popote. Swali lenye uzito ni jingine: kama aliyoyasema yalitokea, yangeacha alama gani ardhini, na je, alama hizo zipo?

Mtu mwenyewe

Hakuwa mtu wa mtaani aliyeamka siku moja na ufunuo. Alizaliwa mwaka 1895 huko Vitebsk, mji ulio Belarus ya leo, akahitimu udaktari Moscow mwaka 1921. Alipokuwa Berlin alisimamia mfululizo wa maandishi ya wasomi wa Kiyahudi ulioandaliwa kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, na juzuu la hisabati na fizikia lilihaririwa na Albert Einstein. Baadaye alihamia Palestina, akatibu watu, akajifunza uchambuzi wa nafsi kwa Wilhelm Stekel, mmoja wa wanafunzi wa kwanza wa Sigmund Freud, mwasisi wa fani hiyo.

Mwaka 1939 alifika New York na familia yake ili aandike juu ya Freud, Musa na Farao Akhenaten. Mwaka uliofuata kazi ikamgeukia mikononi. Alijiuliza: ikiwa mapigo ya Misri yanayosimuliwa katika Kutoka yalikuwa msiba halisi wa kimaumbile, inakuwaje Wamisri wenyewe wasiandike lolote? Akaupata utenzi wa Ipuwer, mafunjo yaliyohifadhiwa Leiden, Uholanzi, ambamo mlalamikaji anasema mto umekuwa damu. Kwake hilo lilitosha: Wamisri waliandika, ila wanahistoria wamelipanga andiko mahali pasipo pake.

Anayeusoma utenzi huo kwa utulivu anakuta mambo mengine. Kilio kikubwa cha Ipuwer ni jamii kupinduka: maskini amekuwa na mali, mwenye mali hana kitu, mtumwa anavaa vito, watoto wa wakubwa wanateseka. Mto wa damu ni mstari mmoja katika orodha ndefu ya mambo yaliyokwenda kombo. Velikovsky aliuchukua mstari huo, akaufanya shahidi wake mkuu.

Alichodai

Kwa kifupi, na bila kumwonea: sayari ya Zuhura haikuwepo pale ilipo. Ilitapikwa na sayari ya Mshtarii, ikawa nyotamkia kubwa, na kwenye karne ya 15 KK ikapita karibu na dunia. Vumbi lake jekundu liliyafanya maji yaonekane damu. Mawe yakanyesha, giza likatanda, bahari ikapasuka, Waisraeli wakavuka. Hidrokaboni (michanganyiko ya kaboni na haidrojeni) za mkia wake nyingine zilianguka zikawa mafuta ya petroli, nyingine zikageuka chakula, ndiyo mana. Miaka ipatayo 52 baadaye ikarudi, dunia ikayumba katika mzunguko wake, na ndipo Yoshua akaliona jua limesimama juu ya Gibeoni. Katika karne ya 8 na ya 7 KK Zuhura iliisukuma Mirihi, nayo Mirihi ikaja kuisumbua dunia mara kadhaa hadi mwaka 687 KK, tarehe aliyolipa jeshi la mfalme Senakeribu wa Ashuru kuangamia. Baada ya hapo kila sayari ikatulia katika njia yake ya sasa.

Pingamizi za fizikia hazihitaji maelezo marefu. Kitu cha kuiponyoka nguvu ya uvutano ya Mshtarii kinahitaji mwendo wa kilomita 60 hivi kwa sekunde. Mshtarii ni haidrojeni na heli kwa sehemu kubwa sana. Zuhura ni mwamba, na uzito wake ni zaidi ya asilimia 80 ya ule wa dunia. Njia yake kuzunguka jua ndiyo inayokaribia duara kamili kuliko za sayari nyingine zote, jambo gumu mno kwa gimba lililokuwa likirandaranda na kugongana miaka elfu tatu iliyopita. Velikovsky alijibu kwamba nguvu za umeme na sumaku ndizo zilizotawala, na mwaka 1946 alikuwa ametoa kijitabu kinachoukana uvutano wenyewe kama tunavyoufahamu. Kijitabu hicho kilimharibia kwa wanafizikia kuliko kitu kingine chochote, na hapo siwezi kuwalaumu.

Namna ya kusoma hekaya

Udhaifu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko kwenye namna alivyosoma, na ndipo wapenzi wake wanapomsifu sana. Kitabu kimejaa tanbihi. Meksiko, Uchina, Ugiriki, Ufini, Babeli, India: kila mahali amekuta simulizi ya mbingu kuwaka au jua kukawia. Msomaji anazidiwa na wingi. Watu wote hawa wangewezaje kusema jambo moja kama halikutokea?

Lakini hawasemi jambo moja. Katika hekaya ya Wagiriki, mungu wa kike Athena alizaliwa kwa kutoka kichwani mwa Zeu, mungu mkuu ambaye sayari yake ni Mshtarii. Velikovsky akasoma hapo Zuhura ikitoka Mshtarii. Wagiriki wenyewe, sayari ya Zuhura walimpa Afrodite, mungu wa kike mwingine, si Athena. Ukiruhusiwa kuchagua mungu yupi ni sayari ipi bila kuwauliza wenyewe, hakuna hekaya itakayokushinda.

Au chukua ile miaka 52. Velikovsky alitilia mkazo kwamba watu wa Meksiko ya kale waliungoja kwa hofu mwisho wa kila miaka 52, wakizima mioto na kuwasha mpya. Ni kweli waliungoja. Ila walikuwa na kalenda mbili zilizokwenda sambamba, moja ya siku 260 na nyingine ya siku 365. Tarehe ya moja ikikutana na tarehe fulani ya nyingine, hazikutani tena hivyo hadi zipite siku 18,980. Gawanya kwa 365: ni miaka 52 kamili. Namba hiyo inatoka kwenye hesabu ya kalenda, wala haihitaji nyotamkia.

Pale ambapo taifa fulani halikuandika chochote juu ya msiba uliosimamisha dunia, alikuwa na jibu lililotoka moja kwa moja kwenye fani yake ya udaktari wa nafsi: binadamu wote walijisahaulisha, kama mgonjwa anavyoizika kumbukumbu inayomtesa. Kwa hiyo hekaya ikisema, ni ushahidi. Ikinyamaza, ni ushahidi pia, wa kusahau. Nadharia ya namna hii haiwezi kupoteza kesi. Hilo ndilo lingepaswa kuandikwa mwaka 1950 badala ya barua za vitisho.

Bamba la Ninawi

Kulikuwa na ushahidi ambao haukuhitaji fizikia yoyote, nao tayari ulikuwa umeshachapishwa. Katika magofu ya Ninawi, kwenye maktaba ya mfalme Ashurbanipali, yalipatikana mabamba ya udongo yenye orodha ya kuonekana na kutoweka kwa Zuhura kwa miaka 21. Lililo mashuhuri zaidi liko London, katika Makumbusho ya Uingereza, namba K.160.

Maandishi yake hayana mbwembwe. Mwezi wa 11, siku ya 15, Zuhura ilitoweka magharibi. Siku tatu haikuwepo angani. Siku ya 18 ikaonekana mashariki. Kisha utabiri: chemchemi zitafunguka, mungu Adadi ataleta mvua, wafalme watapelekeana salamu za suluhu. Mstari baada ya mstari ni hivyohivyo. Hakuna kuwaka, hakuna mkia, hakuna kilio. Karani anaitazama Zuhura ikizama jioni, anahesabu siku za kukosekana kwake, anaiona tena alfajiri. Ikipita kati yetu na jua inapotea siku chache. Ikipita nyuma ya jua inapotea miezi miwili hivi. Ndivyo ilivyo leo. Na kila baada ya miaka minane tarehe zinakaribia kujirudia, kama zinavyofanya leo.

Mabamba hayo ni nakala ya karne ya 7 KK. Uangalizi wenyewe ni wa lini? Mwaka 1912 padre Mjesuti Franz Xaver Kugler aligundua kwamba katikati ya orodha kuna maneno yasiyohusu anga kabisa: mwaka wa kiti cha enzi cha dhahabu. Wababeli waliita miaka yao kwa matukio, na hilo ni jina la mwaka wa nane wa mfalme Ammisaduqa wa Babeli. Wataalamu bado wanabishana mfalme huyo alitawala lini hasa. Hesabu tatu zinazotajwa zaidi zinauweka mwaka wake wa kwanza 1702, 1646 au 1582 KK. Chagua uipendayo. Zote zinatangulia tarehe ambayo Velikovsky anaileta Zuhura kwetu, na zote zinaikuta tayari ipo kazini, asubuhi na jioni.

Velikovsky aliyajua mabamba hayo. Baadhi ya tarehe zake zimevurugika, kwa kuwa yalinakiliwa tena na tena na wanakili walikosea. Yeye aliyashika makosa hayohayo akasema: mnaona, Zuhura ilikuwa ikitangatanga! Yaani mistari inayokwenda sawa na anga ya leo, na ndiyo mingi, akaiacha. Mistari yenye makosa ya mwandiko akaifanya rekodi ya msiba. Mtakwimu Peter Huber alilieleza hili kwa subira mwaka 1974. Kwangu mimi kesi ya Zuhura iliishia hapo, hata tusipofika kwenye uvutano.

Lakini Zuhura ni ya moto kweli

Hapa ndipo wafuasi wake husimama na kupiga makofi. Mwaka 1950 aliandika kwamba Zuhura ina joto kali, wakati ambapo wengi waliiwazia kuwa na hali inayokaribiana na yetu. Mwaka 1956 vipimo vya mawimbi ya redio vilionyesha joto la kutisha, na Desemba 1962 chombo cha angani Mariner 2 kikapita jirani na kuthibitisha. Leo tunajua uso wake una nyuzi 460 hivi za Selsiasi. Aidha, mwaka 1953 alisema katika mhadhara huko Princeton kwamba Mshtarii huenda inatoa mawimbi ya redio, na mwaka 1955 yakanaswa. Mwanafizikia Valentin Bargmann na mwanafalaki Lloyd Motz waliliandikia jarida la Science, likachapisha barua yao Desemba 1962: hawakubaliani na nadharia zake, lakini ni haki atambuliwe kwamba alisema kabla. Barua ya kiungwana, na ninaipenda.

Ila tuangalie alisema nini. Hakutoa kiwango chochote cha nyuzi. Alitoa sababu: Zuhura ni changa, imezaliwa kwa moto, haijapoa. Sasa, sufuria yaweza kuwa ya moto kwa kuwa imeepuliwa punde, au kwa kuwa bado iko jikoni na imefunikwa. Ukiigusa mara moja hutajua ni ipi. Ukingoja ukaona haipoi, umejua. Zuhura haipoi. Hewa yake ni kaboni dioksaidi kwa asilimia 96 hivi, mgandamizo wake uko karibu mara 90 ya wetu, na blanketi hilo linazuia joto la jua lisitoke. Mwanafalaki Rupert Wildt alikuwa ameipendekeza sababu hiyo tangu 1940, miaka kumi kabla ya Velikovsky kuchapisha, ingawa alikadiria joto dogo kuliko lililopo. Jina lake halitajwi sana kwenye mabishano haya, na sababu naijua: hakuna aliyejaribu kumnyamazisha.

Mawingu ya hidrokaboni ambayo nadharia iliyahitaji hayapo. Ni ya asidi ya salfuriki.

Mkutano wa San Francisco

Februari 1974 chama kikuu cha wanasayansi wa Marekani, AAAS, kiliandaa kikao juu yake huko San Francisco, na Velikovsky mwenyewe akaalikwa. Alikuwa na miaka 78, mrefu, mwenye mvi na sauti ya nabii, na wakati huo vijana wa vyuo walikuwa wakijaza kumbi kumsikiliza. Upande wa pili alikaa mwanafalaki Carl Sagan. Kikao kilifanywa kionekane cha haki. Wafuasi waliona amewekewa mtego, wapinzani waliona amepewa heshima asiyostahili.

Sagan alitoa hoja nyingi, na si zote zilikuwa nzuri. Mojawapo ilihesabu uwezekano wa magongano hayo kana kwamba kila moja ni tukio lisilohusiana na lililotangulia, wakati gimba lililokwisha kupita njia fulani lina sababu ya kupita tena. Wafuasi waliishikilia hitilafu hiyo miaka na miaka, wakaacha hoja zake nyingine zikipita. Lakini Sagan alieleza jambo moja linaloufungua mvuto wa kitabu chote: profesa mmoja wa lugha za Kisemiti alimwambia kwamba mambo ya Ashuru, Misri na Biblia humo ni upuuzi mtupu, ila falaki yake imemvutia. Sagan alikuwa na maoni kinyume kabisa. Kila mtaalamu aliona ubovu kwenye kipande chake, akadhani vipande vya jirani ni vizima.

Historia ya kale ndiyo kipande kinachosahaulika zaidi. Katika Ages in Chaos cha 1952, ili Misri na Israeli zikae anavyotaka, Velikovsky alishusha historia ya Misri kwa karne tano au zaidi. Malkia Hatshepsut akawa malkia wa Sheba aliyemtembelea Sulemani. Ni wazo la kupendeza, na kwa muda lilikuwa gumu kulifunga kwa vipimo. Mwaka 2010 timu iliyoongozwa na Christopher Bronk Ramsey wa Oxford ilichapisha vipimo vya kaboni-14, vinavyokadiria umri wa vitu vya kale, vya zaidi ya sampuli 200 za mimea kutoka makumbusho: mbegu, vikapu, nguo, vitu vilivyozikwa na watu wa tawala zinazojulikana. Ufalme Mpya wa Misri ulianza kati ya 1570 na 1544 KK. Hatshepsut alikuja baada ya hapo kidogo tu, na Sulemani akafuata baada ya karne kadhaa.

Ardhi nayo ina majibu yake. Mwaka 1966 nguzo ya barafu yenye urefu wa mita 1,387 ilitolewa Camp Century, Greenland. Majivu na asidi za volkano za mbali zimeandikwa humo, lakini tabaka la vumbi la sayari iliyoipangusa dunia nzima halimo, wala katika nguzo zilizotolewa baadaye. Kwenye milima ya White Mountains, California, upo msonobari uliopita miaka 4,800 na bado unaishi. Wakati dunia inadaiwa kusimama, mti huo ulikuwa na zaidi ya miaka elfu moja.

Velikovsky alifariki Princeton tarehe 17 Novemba 1979. Juni 1980 mwanafizikia Luis Alvarez, mwanawe Walter na wenzao wawili walichapisha hoja kwamba gimba kutoka angani liliipiga dunia na kuwamaliza dinosaria, nayo leo hutajwa na wengine kama ushindi wa marehemu: si mnaona, misiba ya angani ipo! Ipo. Ilikuwepo tangu zamani. Kilichotofautiana ni walichokuja nacho mkononi. Alvarez walianza na tabaka la udongo lenye unene wa sentimita moja hivi huko Gubbio, Italia, ambamo iridiamu, madini adimu sana kwenye uso wa dunia, ilizidi mara 30 kiwango cha kawaida. Wakasema: kama tuko sahihi, tabaka hili litakuwepo duniani kote, na lazima pawe na shimo. Wakapingwa vikali, kwa maneno makali pengine kuliko yaliyoandikwa 1950, na wapinzani wao wakaenda kuchimba mahali pengine ili kuwakosoa, wakaikuta iridiamu. Mwaka 1991 shimo la Chicxulub, lenye upana wa kilomita zipatazo 180 na lililofukiwa chini ya rasi ya Yucatán, lilitangazwa kuwa ndilo. Kampuni ya mafuta ya Meksiko ilikuwa imechimba visima ndani yake tangu miaka ya 1950 bila kujua ni nini.